Kompyuta namba tatu ilivyotaka kumkosesha shangazi yangu ng'ombe wake

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kuna watu humu kila nikichangia mada wanaacha hoja wanaishambulia avatar yangu. "Mkuu badilisha hiyo picha, umekaa kama kiroba cha alizeti." Leo nimeamua kuwaeleza hiyo picha imetoka wapi. Yote yamenitokea mimi mwenyewe, na sehemu za kuniaibisha nimeziacha zilivyo.

Halafu juzi kuna mdau kauliza kwa nini akifungua attachment za picha kwenye email zinatokea zimebanwa. Nikacheka peke yangu. Mkuu, wewe zimekubana picha tu. Mimi nilibana ng'ombe.

Twende taratibu.

Ni enzi zile soko huria limeshakolea, mitumba ya kila aina inaingia, mpaka kompyuta za mtumba zikafika Singida mjini. Zile za monita za kichogo, ukibeba moja mgongo unalia.

Nilikuwa nimeajiriwa na Mama Salma. Huyu ni mama wa mjini kabisa, kwao wamefanya biashara ya vitenge tangu enzi za babu yao. Aliligawa duka lake kwa mbao, upande mmoja vitenge, upande wa pili kompyuta nne na bango la "Internet Café". Mimi kazi yangu ilikuwa kufungulia watu email, kuscan na kuchapa barua.

Sasa, ujana. Nikaona café bila muziki haina ladha. Nikaleta spika zangu mbili kubwa, nikaziegemeza kwenye monita ya kompyuta namba tatu.

Baada ya wiki chache, pembeni ya kioo kukatokea baka la zambarau. Ukubwa wa kiganja. Nikafuta na kitambaa, wapi. Nikazima na kuwasha, wapi.

Wanaojua mambo wanajua ni sumaku ya spika ile. Mimi sikujua. Nilijua nimeua mali ya watu.

Na Mama Salma hakuwa mtu wa kelele. Anakutazama tu, anasema "sawa." Aisee, ile "sawa" yake bora akutukane.

Nikagundua chini ya kioo kuna vitufe vya kupanua na kubana picha. Nikabana kushoto na kulia mpaka lile baka likabaki kwenye weusi wa pembeni, halionekani. Mama Salma alipouliza mbona kioo kimesinyaa, nikamwambia bila kupepesa macho, "Hii modeli ndivyo ilivyo, mama."

"Sawa."

Nikapona. Na miezi ikapita, nikasahau kabisa.

Kitu cha ajabu, wateja wakaipenda namba tatu. Maana kila picha unayofungua mle, mtu anatokea mwembamba na mrefu. Watu walikuwa wanasubiri zamu waangalie picha zao pale na kompyuta nyingine zipo wazi!

Hata mimi niliscan picha yangu, nikajiona nina shingo, nina urefu, mashavu yamekatika. Nikaamini. Nikaanza hadi kutembea kirefu.

Sasa ndiyo anaingia shangazi.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mjane anaishi Mtinko. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Chausiku. Mweusi, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Wajukuu watatu pale nyumbani walikuwa wanakunywa maziwa ya huyo huyo, na Chausiku mwenyewe alikuwa na mimba. Ng'ombe mwingine shangazi hana. Chausiku akiondoka, zizi linabaki la kufugia upepo.

Na Chausiku akaondoka kweli. Kundi la ng'ombe wa watu lilipita kwenda mnadani, yeye akajiunga nalo. Wiki mbili hajulikani alipo.

Baadaye wachuuzi wa mnadani wakaleta habari kwamba upande wa Hanang kuna ng'ombe mweusi ameokotwa na amefungwa kwa bwana mifugo. Simu kule zilikuwa bado hazishiki, ila bwana mifugo alikuwa na kompyuta ya mradi yenye internet ya dishi, na kamera. Nikampelekea anwani yangu ya email kupitia hao hao wachuuzi.

Akaandika. "Nimeambatanisha picha. Kuna mtu mwingine naye anadai ni wake. Nisipopata jibu la uhakika leo kabla ya saa tisa, namkabidhi yeye."

Bahati nzuri siku hiyo shangazi alikuwa ameshuka mjini asubuhi na lori la mahindi, kuulizia habari. Nikamwita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi?"

Nikamkalisha namba tatu, ndiyo pekee iliyokuwa haina mtu. Nikafungua attachment. Picha ikatokea kubwa ajabu, kioo kizima ni ngozi nyeusi tupu.

"Huu ni nini, mlima?"

"Subiri shangazi, naipunguza."

Nikabonyeza ikae yote kwenye kioo. Ng'ombe akatokea mzima, kichwa mpaka kwato. Shangazi akasogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

Akapitisha kidole juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Si yeye."

"Shangazi, si huyu hapa ana baka jeupe?"

"Wenye baka jeupe wako wangapi Singida nzima? Chausiku ana mgongo mrefu, nimeuegemea miaka sita. Huyu mgongo kama stuli. Miguu ya mbuzi. Na pembe, tazama, zimekaribiana kama zinanong'onezana."

Nikambembeleza. Nikamwambia akisema hapana leo ndiyo basi tena. Akanigeukia mkali.

"Nikamchukue ng'ombe wa mwenzangu? Halafu nimkamue asubuhi nikijua kuna mama kama mimi anamlilia? Andika si wangu."

Macho yalikuwa yamejaa machozi lakini sauti haikutetereka. Nikaandika, "Mama amemwangalia, anasema si wake." Nikatuma. Saa saba na nusu.

Wakuu, roho iliniuma. Alikaa pale anakunja ncha ya khanga, anakunjua, anakunja. Basi mimi kwa akili zangu nikasema ngoja nimchangamshe, nikafungua picha yangu.

"Shangazi, ebu mwone huyu."

"Nani huyo?"

"Mimi!"

Akaangalia kioo. Akaniangalia mimi. Akaangalia kioo tena.

"Acha utani. Wewe umetoka kwa kaka yangu. Kwenu tangu lini mtu akawa na shingo?"

Jirani wa namba mbili akacheka mpaka akaangusha mouse. Na mimi nikacheka.

Halafu kicheko kikanikatikia katikati.

Kama mimi sikufanana na mimi, je, Chausiku?

Nilijua palepale tatizo liko wapi, maana ni mimi nililitengeneza kwa vidole vyangu. Na dawa yake naijua, ni kupanua picha irudi kama zamani. Lakini nikipanua, baka linatoka hadharani, na Mama Salma alikuwa hatua tatu kutoka hapo anamkatia mteja kitenge.

Nisiwadanganye, nilisita. Si sekunde moja, ni nyingi. Nikafikiria kumwambia shangazi arudi nyumbani tu, hakuna ambaye angejua.

Kisha nikaona ile khanga inavyokunjwa.

Nikafungua tena picha ya ng'ombe, nikashika vitufe. Pole pole ng'ombe akaanza kurefuka. Mgongo ukanyooka. Pembe zikaachana. Miguu ikarudi kuwa ya ng'ombe. Na lile baka la zambarau likajitokeza, likakaa moja kwa moja kwenye mkia.

Shangazi akapiga ukelele, duka zima likageuka.

"Chausiku! Chausiku wangu mimi!"

"Uhakika shangazi?"

"Mkia huo wa rangi ni wa kwenu. Ng'ombe ni wangu."

Nikaandika haraka kwamba tumekosea, ni wake. Jibu likaja baada ya dakika kumi na kitu, ambazo mimi naona zilikuwa mwaka.

"Muda si mrefu mmesema si wake. Sasa ni wake. Huyu mwenzenu yuko hapa ameshika kamba. Mnieleze kwa nini mmegeuka, na mniambie kitu ambacho hakionekani kwenye picha."

Kumbe Mama Salma ameshasimama nyuma yangu. Nikachapa huku anasoma. "Mheshimiwa, kosa ni langu. Niliharibu kioo kwa spika, nikakibana ili tajiri wangu asijue. Ng'ombe akaonekana mfupi." Kila neno nalisikia linapita mgongoni kwangu.

"Sawa," akasema Mama Salma.

Mimi nikajua kazi imeisha, basi.

Shangazi yeye hana habari na mambo yetu, anaamrisha tu. "Mwandikie chuchu ya nyuma ya kulia haitoi kitu tangu uzao wa pili. Na hakamuliwi upande wa kulia. Ukikaa kulia anakupiga teke. Kaa kushoto, atasimama kama mtu yuko kanisani."

Nikatuma. Saa nane na dakika arobaini.

Tukasubiri. Mama Salma akamletea shangazi chai, mimi sikuletewa.

Zikiwa zimebaki dakika nne, email ikaingia. Nawaandikia kama ilivyokuwa, sijaisahau mpaka leo.

"Nimempa huyu bwana ndoo akamue ng'ombe wake. Amekaa kulia. Tunampeleka zahanati. Mama aje amchukue ng'ombe wake."

Duka lilicheka, hadi mteja wa vitenge. Shangazi hakucheka. Aliweka uso kwenye khanga akalia kwa raha zake, na mimi nikageuka ukutani najifanya naangalia kalenda.

Alipomaliza akajipangusa, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Na wewe jitokeze sasa nikuone."

Nikafungua picha yangu. Mfupi, mashavu yamejaa, shingo hakuna. Niliona aibu kweli, wakuu. Ndiyo mara ya kwanza nilijiona baada ya miezi yote ile.

Shangazi akaweka kiganja chake kwenye kioo, juu ya lile shavu.

"Naam," akasema. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Huyu hata akipotelea Hanang, namjua."

Kesho yake fundi akaja. Akaziondoa spika, akaingia kwenye menyu ya monita, akabonyeza kitu kimoja. Kioo kikatikisika, kikalia "ting," baka likatoweka lote. Yaani miezi yote ile dawa ilikuwa kitufe kimoja! Mama Salma akanitazama. Kazi hakunifukuza, ila spika zangu alizihamishia kwake na hadi leo sijaziona.

Chausiku alirudi wiki ile ile. Nilikwenda Mtinko kumpokea, hata hakunitazama, akanipita akaenda kumnusa shangazi mikono.

Sasa kwa yule mdau aliyeuliza. Attachment ikikutokea kubwa mno, ipunguze ikae yote kwenye kioo, au idownload uifungue kwa programu nyingine. Ikionekana imebanwa, usianze kubishana na picha. Fungua picha ya mtu unayemjua vizuri. Naye akiwa amebadilika, basi shida ni kioo, kaangalie resolution na vitufe vya monita. Na kama kuna kitu umeharibu kazini, kiseme mapema. Ukikificha, atakuja kuumia mtu ambaye hata hakijui.

Nyie mmeshawahi kuponzwa na kioo? Mwageni hapa, na wenye utaalamu zaidi waniongezee nilipokosea.

Ila avatar sibadilishi. Ndiyo ile ile aliyoishika shangazi, na sijaivuta hata kidogo.