Vijumba Viwili vya Lango la Harnley

Watu wanaopita barabara ya Ludlow, huku Uingereza, husimama kupiga picha vile vijumba viwili vya lango la Harnley. Husema vinapendeza kama keki ya harusi. Mimi huwaacha waseme. Wifi yangu Keziah aliishi humo tangu alipoolewa na kaka yangu Enoch, na uzuri ule ulimla akiwa hai.

Aliyevijenga ni babu wa babu yake Bwana Lydiard, mwenye jumba kuu la Harnley. Babu huyo alipokuwa kijana alipelekwa Italia akapate ustaarabu, akarudi na michoro ya mahekalu. Basi jumba likapewa nguzo, banda la farasi likapewa nguzo, na lango nalo likapewa mahekalu mawili, kulia na kushoto, yamefanana kama mapacha, njia ya magari ikipita katikati. Kwamba humo ataishi binadamu ni jambo lililokumbukwa baadaye. Kila kimoja kilikuwa chumba kimoja tu cha mviringo, kwa hiyo mlinda lango na familia yake walipika kulia wakalala kushoto, na mvua ikinyesha walivuka njia wakilowa.

Kijumba cha kulia kilikuwa na jiko, na juu ya paa dohani ya kutolea moshi. Cha kushoto hakikuwa na meko kabisa, ila juu kilijengewa dohani vilevile, kisije kikapitwa na mwenzake. Keziah alipoonyeshwa siku ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi," akaniambia, "kaka yako kanileta nilale chini ya kofia."

"Shukuru una kofia," nikamjibu. Mimi nilikuwa dobi kule jumbani. "Sisi tunalala sita chumba kimoja, na paa linavuja."

Alikuwa mcheshi wakati ule. Waliomjua baadaye hawaniamini nikiwaambia.

Enoch alikata miti msituni, na lango likawa la mkewe. Honi ikilia alitakiwa atoke na aproni nyeupe, afungue, akunje goti kidogo, asimtazame mtu usoni. Nyumba ilikuwa sehemu ya mshahara. Ukifukuzwa kazi unatoka na godoro lako siku hiyohiyo. Akamzaa Ivor, mtoto mcheshi kama mama yake, lakini kifua chake kilikuwa kibovu. Kuta za chumba cha kulala zilitoka jasho tangu Oktoba hadi Aprili. Walijaribu jiko la mafuta ya taa, mtoto akazidi kukohoa. Daktari akasema dawa ni chumba chenye joto kavu, hakuna nyingine.

Keziah akampakata mwanawe, akaenda kwa Bwana Tranter, msimamizi wa mali za Harnley.

"Dohani ipo juu tayari, bwana," akasema. "Naomba tu ipate meko chini yake."

"Ile ni ya kutazamwa, Bi Prosser. Bwana mkubwa hataki ukuta ule uguswe. Wataalamu hutoka London kuja kuuona."

"Wakija waambie wamtazame na mtoto."

Tranter hakuwa mtu katili, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alimpa Ivor peremende, akasema haiwezekani. Tangu hapo mtoto akawa analala jikoni, juu ya viti viwili vilivyounganishwa kando ya moto, na mama yake chini sakafuni.

Lakini jiko lilikuwa na sharti lake. Siku ya wageni lilizimwa mpaka motokaa ya mwisho ipite, kwa sababu pale langoni upepo huushusha moshi njiani, na Bibi Lydiard hakupenda wageni wake waingie Harnley wakifikicha macho.

Januari ile Ivor akashikwa na nimonia, na wageni wakaalikwa kuja kuwinda ndege. Nilikuwa nimepeleka chupa ya mchuzi niliyoiba jikoni kwa wakubwa, nikamkuta Tranter amesimama mlangoni na theluji mabegani.

"Leo niachie moto, bwana," Keziah alikuwa akisema. "Mtoto anawaka homa na miguu yake ni barafu."

"Bwana mkubwa hana neno na moto. Ana neno na moshi."

"Nionyeshe moto usio na moshi, nitauwasha."

"Bi Prosser, nimekwisha kuona wakifukuzwa watu kwa madogo kuliko haya. Usinilazimishe."

Akaondoka. Keziah akamgeukia mumewe.

"Unasemaje, baba Ivor?"

Enoch alikuwa akitazama buti zake. "Wakitutoa leo, atalala wapi? Mtaroni? Zima, mama. Wageni watapita upesi."

Hawakupita upesi. Theluji iliichelewesha treni, na motokaa zikaja moja moja mchana kutwa. Kila honi Keziah alimwachia Enoch mtoto, akafunga aproni, akafungua, akakunja goti, akarudi mbio. Tulimfunika Ivor kila nguo iliyokuwamo, na koti langu juu. Motokaa ya mwisho ilipopita, Keziah aliwasha moto hata kabla ya kuvua aproni. Chumba kilipopata joto, Ivor alikuwa amekwisha kufa.

Bibi Lydiard alileta maua kutoka nyumba yake ya vioo ya kukuzia mimea. Bwana mwenyewe alikuja kaburini, na nadhani aliona haya, maana wiki ileile akatoa amri kijumba cha kushoto kitobolewe meko. Akaletwa mwashi, Eli Gough. Akapiga nyundo ukutani, akasikiliza, akatoa safu moja ya matofali. Nyuma yake kulikuwa na njia ya moshi, nzima, imenyooka mpaka juu. Dohani ile haikuwa ya uongo. Fundi wa kale aliijenga yote kama kawaida, na mtu fulani baadaye akaiziba apendezeshe chumba. Hakuna aliyewahi kugonga ukuta kuuliza.

Keziah alimpa Gough chai. "Imekuchukua muda gani, fundi?"

"Asubuhi tu, mama. Kazi ndogo."

"Asubuhi tu," akasema Keziah. Hakulia. Afadhali angelia.

Juni wakaja wageni wa kiangazi. Jua lilikuwa kali, hata mbwa walitafuta kivuli. Keziah alizima jiko la kulia kama sharti lilivyotaka. Kisha akavuka njia, akawasha meko ya kushoto, akarundika majani mabichi na magome yenye maji. Moshi ukashuka njiani mzito, na motokaa zikawa zinapita zikikohoa na waliomo. Tranter akaja na leso puani. Mimi nilikuwa mle ndani.

"Bi Prosser, na joto lote hili? Uzime."

Keziah aliweka kidole mdomoni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, hakuna kitu juu yake.

"Taratibu, bwana," akasema. "Mtoto amelala, na daktari kasema apate joto."

Sijui hata leo kama alikuwa amechanganyikiwa au alikuwa na akili zake timamu kuliko sisi sote. Tranter alikitazama kitanda kwa muda, akavua kofia. Alitoka kinyumenyume, akaurudisha mlango polepole, kama mtu aogopaye kumwamsha aliyelala.