Wino Mwekundu wa Mwalimu Asmahani

Mwalimu Asmahani wa Muheza hakuwa na neno na mtu, na mtu hakuwa na neno naye. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo, na sifa nyingine, jamani, ni mzigo tu.

Zamani hakuwa hivyo. Alipokuwa bado anafundisha shule ya msingi, aliingia kati ya majirani zake, Ibrahimu na mkewe Nasra, akawapatanisha kwa nasaha na chai ya tangawizi. Walipopatana wakamgeukia yeye: mfitini, mdaku, mwanamke asiye na kazi. Miezi sita hakusalimiwa kisimani. Ndipo alipoishika ile methali kwa meno yote: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Akastaafu nayo.

Baada ya kustaafu alifundisha watu wazima Kiingereza barazani kwake, kila baada ya alasiri. Mmoja wao alikuwa Sabiri, mkulima wa machungwa aliyetaka kazi ya kuongoza wageni katika msitu wa Amani. Asmahani ndiye aliyemfundisha kusoma tangu darasa la kwanza, yeye na kaka yake Maulid, na hapana mtu mjini ambaye ndugu hao walimheshimu kama yeye. Lakini wao kwa wao, tangu baba yao afariki, walikuwa hawasemezani, kisa safu moja ya michungwa mpakani.

Jumatatu moja somo lilikuwa maneno ya kuingia katika mambo ya watu. Mwalimu aliandika ubaoni "meddle", "interfere" na "intervene".

"La kwanza ni kimbelembele," alisema. "La pili ni kuwavuruga watu katika shughuli zao. La tatu ndilo lenye heshima: unaingia kati kuzuia shari."

"Na huyo wa tatu, Mwalimu," Sabiri aliuliza, "huitwa, au huja mwenyewe?"

"Yote mawili. Kaandike sentensi tano."

Swali lile halikuwa la Kiingereza. Kwao kule mwenye ugomvi haendi kuomba apatanishwe, maana ataonekana ameshindwa. Hupenyeza neno kwa mtu wa heshima, kisha hukaa kwake kumngoja abishe hodi. Asmahani aliijua desturi hiyo kama alivyoijua Alhamdu.

Jumanne alisahihisha madaftari. Katika la Sabiri, kwa Kiingereza cha kujikongoja, alisoma kwamba Maulid ameng'oa mikonge ya mpaka iliyopandwa na baba. Akasoma kwamba Sabiri amenoa panga. Sentensi ya tano ilisema: kama hapana mtu atakayeingia kati kabla ya Ijumaa, nitamkata.

Alijua fika kwamba neno limepenyezwa kwake, katika lugha ambayo mwanamume angeweza kulisema bila kuona haya. Akamkumbuka Nasra. Pilipili usiyoila yakuwashiani? "Ni sentensi tu," alijiambia, na moyo wake ukamwambia mwongo wee. Akasahihisha, akatia vema, akaandika maneno mawili kwa wino mwekundu.

Jumatano Sabiri aliliangalia daftari lake kwa muda mrefu.

"Hapana jingine, Mwalimu?"

"Jina la mtu huanza kwa herufi kubwa, mwanangu. Basi."

"Haya. Ahsante."

Alhamisi hakuja darasani. Asubuhi ya siku hiyo Mwalimu alikuwa amepita njia ya mashambani akaiona mikonge minne imelala kando, mizizi juu. Mbele kidogo, Sabiri alikuwa amekaa barazani kwake, kavaa kanzu, na mkabala naye pana kiti kitupu na kikombe kilichofunikwa kisahani. Aliinua uso. Mwalimu alivuta mtandio wake, akakaza mwendo. Hofu ilimfuata mpaka nyumbani, ikala naye chakula cha mchana.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Maulid alikwenda kuchuma machungwa ya safu ile. Walimzika Jumamosi asubuhi. Sabiri alikuwa rumande, na hakukana.

Siku ya arobaini ilikuwa haijafika pale Kazija, mke wa Sabiri, alipobisha hodi kwa Mwalimu Asmahani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kazija hakukaa. Alitoa daftari chini ya kanga, akalifungua.

"Alhamisi ile alishinda kwenye kiti akingoja mgeni. Namwuliza nani, hasemi. Juzi nimekwenda kumwona, kaniambia nilete hili kwako, basi. Mie Kizungu sikijui. Hapa, chini ya maneno yake, palipoandikwa kwa wekundu, weye ulimwambiaje?"

Asmahani aliutazama mwandiko wake mwenyewe, mzuri, uliolala upande mmoja.

"Nilimwambia," alisema, "vizuri sana."