Kuliongezea Nguvu Gari Jekundu

Gari nililinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa, mkataba wake ukaisha, naye hakutaka usumbufu wa kulisafirisha. Ni gari la michezo la Kijapani, jekundu, milango miwili, la chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na magurudumu ya malori. Miaka michache nyuma, kabla ya lami, mtu wa Kibondo kununua gari la namna ile angeonekana ameugua. Mimi nilikuwa na sababu. Nafanya kazi maabara ya hospitali, Kibondo. Mke wangu anafundisha hesabu sekondari, Buhigwe. Serikali ilimpanga kule yeye na mimi huku. Kila Ijumaa mchana nilikuwa nashika njia, napita Kasulu, nafika kwake kabla giza halijaingia, na Jumapili narudi.

Njia hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuota nguvu. Kabla ya kuingia Kasulu kuna mlima mrefu ambao malori hupanda kwa kujivuta. Gari langu, pamoja na sura yake yote, lilikuwa linachoka pale. Nilikuwa nalazimika kushuka hadi gia ya pili, na wenye magari ya kawaida wananipita wakinitazama kwa huruma. Nikaanza kusoma mitandaoni. Nikanunua daftari kubwa na kuandika: turbo kubwa zaidi ya kuisukumia injini hewa, ekzosi pana, springi ngumu, rimu nyepesi, kompyuta ya injini ipangwe upya. Mbele ya kila kitu nikaweka bei niliyoulizia Dar es Salaam. Jumla ilikuwa milioni nane na ushee, yaani akiba yetu yote ya kuanza msingi wa nyumba Kasulu.

Nilimwonyesha mke wangu daftari hilo Jumamosi moja, tukiwa tumemaliza chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Yeye alichukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, akasoma mstari mmoja mmoja, akawa ananiuliza kila kifaa kitanipa nini. Vingine niliweza kueleza. Vingine nilijikuta nasema tu kwamba watu wote wanaotengeneza magari ya aina ile huwa wanaviweka.

“Hapa hakuna lengo,” akasema. “Kuna orodha tu. Niambie unataka gari lifanye nini, nami nitakwambia tunaweza kutumia kiasi gani.”

Nilifikiri muda mrefu. Mwishowe nikasema nataka lipande mlima wa Kasulu kwa gia ya tatu, bila kushuka, hata nikiwa nalipita lori. Akaliandika hilo juu ya ukurasa mpya. Chini yake akaandika milioni tatu, akapiga mstari. Tukakubaliana kwamba hakuna kitakachonunuliwa kabla hakijaandikwa kwenye ukurasa ule na sisi wote wawili kukiona.

Fundi tuliyemwendea yupo Kasulu. Ni Muha wa pale pale, mtu mzima, ambaye ujanani alifanya kazi Dar es Salaam katika gereji ya magari ya mashindano kabla ya kurudi nyumbani kulima na kufungua karakana yake. Tulimsalimu kwa Kiha chetu cha kujifunzia, “Mwidiwe,” akaitikia, kisha akaomba funguo bila maneno mengi. Alitaka aendeshe mwenyewe. Akalipeleka gari njia ya Kagerankanda, nikiwa pembeni yake, na muda wote alikuwa amezima redio, anasikiliza.

Tuliporudi alitoa plagi zote, akafunga kipimo chake kwenye tundu za silinda, moja baada ya nyingine, huku mimi nikizungusha injini kwa stata. Silinda ya tatu ilitoa mgandamizo karibu nusu tu ya zile nyingine. Bomba la mpira linalopeleka hewa ya turbo lilikuwa na ufa. Chujio la hewa alilikung'uta sakafuni, likamwaga vumbi jekundu la kutosha kupandia mchicha.

Nikamweleza mipango yangu ya turbo. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Dokta,” akasema, maana kule kila anayefanya kazi hospitali ni dokta, “wewe ukipima mtu ukakuta hana damu, unampeleka kwenye mbio? Hili gari nguvu zake lilizozaliwa nazo limezipoteza. Turudishe hizo kwanza.”

Kurudisha maana yake ilikuwa kufungua injini yote: ringi mpya, gasketi, mabomba ya hewa, halafu breki, kwa sababu alisema gari likipanda haraka litashuka haraka pia. Mke wangu aliandika kila kitu. Jumla ikala zile milioni tatu karibu zote, na hapakuwa na kitu hata kimoja kati ya vile nilivyovitamani. Nilitia saini ukurasa nikiwa nimenuna.

Gari likakaa kwa fundi wiki saba, nami nikawa nakwenda Buhigwe kwa basi. Katikati ya wiki hizo ilikuja barua ya uhamisho. Niliisoma maabara, nimesimama. Ombi langu la kuhamia Buhigwe lilikuwa limekataliwa kwa mara ya tatu. Mke wangu alijua la kwanza tu. Yale mawili nilikuwa nimeomba kimyakimya, nikitaka siku moja nimpelekee habari njema bila kumsubirisha. Nikaikunja barua, nikaiweka mfukoni, na kabla ya saa ya kutoka kazini nilikuwa nimemtumia muuzaji wa Dar es Salaam pesa za ile turbo kubwa, kutoka akaunti yangu ya mshahara. Siwezi kusema nilikuwa na hoja. Nilitaka kitu kimoja maishani mwangu kiende nilivyotaka mimi.

Mzigo ulipofika Kasulu, wakala wa basi alinipigia mara kadhaa, nikawa niko kazini, simu iko kwenye kabati. Akapiga namba ya pili iliyoandikwa kwenye boksi. Niliiandika kwa mazoea, kama ninavyoiandika kwenye kila fomu. Ilikuwa ya mke wangu.

Ijumaa iliyofuata nilifika karakana kuangalia kazi, nikamkuta yeye ameshatangulia, amekaa kwenye benchi la fundi. Boksi lilikuwa miguuni pake, limefunguliwa. Daftari lilikuwa mapajani.

“Hii iko ukurasa wa ngapi?” akaniuliza.

Fundi akachukua spana yake akaenda nje. Nilijaribu kuanza na habari za bei nzuri, nikaona maneno yanaishia njiani. Nikatoa barua mfukoni nikampa. Aliisoma, akairudia. Akaniuliza kwa nini hakuambiwa. Nikasema sikutaka akatishwe tamaa pamoja nami. Akafunga daftari, nikadhani sasa atasimama aondoke.

“Turbo nitakusamehe,” akasema. “Hii barua umeisoma peke yako wakati ilikuwa yetu.”

Nilimwomba radhi, kisha tukapanda basi kwenda kwake.

Fundi, alipoitazama ile turbo, alisema ni nzuri lakini ni kubwa mno kwa injini yetu. Ingechelewa kuamka, kwenye kona zetu tungekuwa tumeshamaliza kona ndipo nguvu ije. Alimjua mtu wa Mwanza mwenye gari linaloifaa, tukamuuzia kwa hasara kidogo. Hasara hiyo mke wangu aliiandika, kwenye mstari wake, bila maelezo.

Injini ilipofungwa, fundi alisema kilomita elfu moja za mwanzo iendeshwe taratibu, isikamuliwe. Akamkabidhi funguo mke wangu. Alisema hana hakika na mguu wangu. Basi kwa Ijumaa kadhaa nilifika Kasulu kwa basi, yeye akanipokea na gari, nikakaa kiti cha abiria hadi Buhigwe. Alikuwa anaendesha kama anayesahihisha mtihani, macho mbele, midomo imebana. Katika safari zile tuliongea kuliko tulivyokuwa tumeongea mwaka mzima.

Kilomita zilipotimia nilipewa usukani. Tulikwenda mlimani Jumamosi asubuhi. Chini ya mlima niliweka gia ya tatu, nikakanyaga. Lilivuta. Katikati kulikuwa na lori la mahindi. Nilitazama mbele, nikaona kweupe, nikalipita, na mshale wa spidi haukushuka. Juu kabisa nilisimamisha gari pembeni, nacheka peke yangu. Mke wangu aliangalia saa ya joto la injini kuhakikisha haijachemka, kisha akasema turudi chini tupande tena, safari hii aendeshe yeye.

Sasa ukurasa mpya una matairi, ya mwakani. Springi tumezifuta. Msingi wa nyumba umeanza, mawe yameshamwagwa. Na ombi la uhamisho safari hii ameandika yeye, kuja Kibondo. Tuliisoma barua pamoja kabla ya kuituma. Bado hatujajibiwa.