Nyasi za Ghuba ya Mwisho

Mtaalamu wa nyasi za pwani hulionja jani chumvi yake kwanza, ndipo aseme ni la aina gani. Kila kiangazi baba yangu, Qaunaq, humzungusha kwa mashua katika ghuba za hapa Arviat, kaskazini mwa Kanada, aone nyasi hizo zimebaki wapi. Mwaka huu ghuba ya mwisho tuliikuta tope tupu. Bata bukini walikuwa wamezing'oa zote. Mtaalamu alipiga magoti, akaanza kupekua tope.

"Twende, dada, maji yanajaa," baba alimwambia.

"Hizi hazitoi mbegu, kaka. Huota kwa kipande cha shina. Nitafutie kipande kimoja tu."

Baba akavua glavu, akainama kando yake. Walipekua mpaka maji yakawafika mapajani, ndipo baba akamshika mkono, akamwongoza taratibu kama mfiwa anayeondolewa kaburini.