Mama Alipolala Mlangoni mwa Zizi

Mimi ni binti wa Masaka na Sechelela, nami nilizaliwa kando ya mbuga ya Bahi, mahali ambapo mvua ikishika, kila kitu hunuka matope, samadi na mpunga mchanga. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, wala usipambe. Jana ulinieleza kwamba Waingereza, wakikataa jambo kabisa, husema labda lipite juu ya maiti yao. Ukacheka, ukidhani ni kutia chumvi tu. Mimi sikucheka, kwa maana nilimwona mama yangu akiyatenda maneno hayo, naye hakujua Kiingereza hata cha salamu.

Baba yangu mdogo alikuwa anaoa. Kwa desturi yetu, wazee wa upande wa bibi harusi waliingia zizini asubuhi kuchagua ng'ombe wa mahari, na yule waliyemgusa kwa fimbo alihesabiwa kuwa amekwisha kuondoka. Mwenye busara humpeleka ng'ombe wake wa maziwa kwa jirani mapema. Baba, kwa furaha na kwa pombe ya mtama, alisahau. Fimbo ikamgusa Mabaka, ng'ombe pekee aliyekuwa na maziwa, wakati mama kifua kimekauka na mdogo wangu mchanga anaishi kwa maziwa hayo. Mama hakupaza sauti. Alinipakatisha mtoto, akaenda akajilaza mlangoni mwa zizi, katikati ya samadi mbichi. "Mtanizika hapa kwanza," alisema, "ndipo huyu atoke." Mabaka akamsogelea, akamnusa, kisha akaanza kumlamba nywele kama ndama wake. Watu wakaangua kicheko. "Shemeji, inuka basi!" baba mdogo akalalama. "Unataka nizeeke kapera?" Mama akamjibu palepale alipolala: "Oa hata leo, shemeji. Ila maziwa ya mwanangu huyaoi!"

Mzee mwenye fimbo alijitahidi kununa, akashindwa. "Binti yetu anakuja kuishi na mwanamke huyu," akawaambia wenzake. "Basi hatalala njaa." Akageuka, akamgusa dume mwenye pembe iliyovunjika. Mama aliinuka mara moja, samadi hadi masikioni, akaoga, akaibana ngoma katikati ya magoti pamoja na wanawake wenzake, wakaipiga hadi vyura wa mbugani wakanyamaza. Mdogo wangu alishiba, akalala katikati ya kishindo hicho.

Siku hizi, hapa mjini, mtaa wa Area D, nawasikia mkikataa kwa simu: "tutaona", "nitakupigia", kisha kimya. Mtu hajui kama amekataliwa au amesahauliwa. Sikuambii ulale kwenye samadi. Nakuagiza utunze hili: usikatae kila kitu, utachosha watu, lakini lile ambalo likiondoka mtoto atalala njaa, likatae mchana, mbele ya wote, na useme ni kwa sababu gani. Na ukishasikilizwa usiendelee kununa. Inuka upesi, ukaoge, ukapige ngoma kwenye harusi ya wenzako.