Mshenga wa Seva

Siku yangu ya kwanza chuoni, Afisa Utumishi alinipeleka kwenye chumba cha seva, yaani ile kompyuta kuu inayozihudumia nyingine zote, akanikabidhi ufunguo na kuniomba nisiguse deli la buluu lililokuwa pembeni. Nilidhani ni betri za akiba. Kumbe ndani mlikuwa na barafu na samaki wa Mhasibu, changu. Chumba hicho ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi kizima, na watumishi waliopitia sokoni asubuhi walihifadhi kitoweo humo. Nilikuwa nikirudi nyumbani nanuka shombo, na mume wangu alichelewa sana kuamini kwamba mimi ni mtu wa kompyuta.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepita Chalinze, chini ya Katibu aliyeifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma na kutukataza kuifunua siku za mvua. Kisha nikawa wilayani, kwa Mkuu wa Idara aliyechapisha kila barua pepe ili aisome vizuri. Kwa hiyo chuoni, upande wa Mbegani, nilifika nikiwa nimekomaa.

Ninyi vijana mnaokuta kila kitu tayari, niwaeleze kazi yenyewe. Mtu akijaza maombi kwenye simu yake pale Dunda, maneno yake hupita mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Kusimba ni kuyageuza yasisomeke njiani. Seva huwa na funguo mbili: wa wazi, ambao hupewa kila anayebisha hodi, na wa siri, ambao hautoki chumbani. Sasa simu itajuaje kwamba ufunguo ule wa wazi ni wetu, si wa tapeli? Ndiyo kazi ya cheti, nacho hutiwa saini na kampuni ambayo simu zote zinaiamini. Seva inaweza pia kujitilia saini yenyewe, kama mwanamume anayekwenda kujiposea mke bila mshenga na kusema, niaminini, mimi ni mtu mwema. Simu ikiona hivyo hutoa onyo jekundu.

Mkuu wa Chuo alichagua tujitilie saini.

"Tudhaminiwe na wageni?" aliniuliza. "Kuanzia Dunda mpaka Mbegani, nani asiyenijua mimi?"

Kujulikana alijulikana, hilo sikatai. Nikatii. Wazazi walipopiga simu kuuliza kwa nini tovuti yetu inaitwa ya hatari, dada wa mapokezi aliwaambia wabonyeze "endelea", ni sisi wenyewe. Wakazoea. Mimi roho iliniuma, maana tapeli naye angeweza kusema maneno hayo hayo kwa sauti tamu zaidi. Nililisema vikaoni mpaka wakanipa jina la Bi Cheti.

Kisha wizara ikaleta mfumo mpya wa kupokea kutoka vyuoni majina ya waliochaguliwa, na mfumo ule haukuwa na mahali pa kubonyeza "endelea". Ulikitazama cheti chetu, ukakata mawasiliano. Majina yasipofika hadi Ijumaa, wanafunzi wetu wapya wote wangekosa mwaka, na wazazi walishanunua magodoro. Mkuu alipiga simu wizarani akaomba mfumo uelezwe yeye ni nani. Walimjibu kwa adabu kwamba mfumo hauelezeki.

Nikatayarisha ombi la cheti halisi. Kampuni ya kudhamini ikakubali, kwa sharti moja: itatuma ujumbe kwa mwenye jina la tovuti, naye abonyeze "nathibitisha". Nikatafuta mwenye jina ni nani. Lilisajiliwa kwa anwani binafsi ya Mkuu aliyetangulia, mzee aliyestaafu na kuhamia Vigwaza kulima mihogo. Wawili hao walikuwa hawasemezani. Siku ya makabidhiano, huyu wetu, mdogo kwa yule kwa miaka kadhaa, alimpa mkono mbele ya watumishi wote na kumwambia, "Habari za leo?" Pwani hii mtu hamwamkii mkubwa wake hivyo. Mzee aliondoka bila kula pilau la kuagwa kwake.

Mkuu akaniamuru niende mimi. Nilimwambia kwamba huo sasa ni ushenga, na mshenga haendi mikono mitupu. Tukabeba halua na doti ya kanga kwa mke wa mzee. Mkuu naye alikuja, ila akabaki ndani ya gari barabarani, vioo vimepandishwa.

Mzee alinipokea vizuri. Alikula halua, akasikiliza habari ya vijana na magodoro, akavaa miwani, akaufungua ujumbe kwenye simu yake. Kidole kikasimama hewani.

"Mwanangu, ushenga wako nimeukubali," alisema. "Na muoaji yuko wapi?"

Nikasema yuko garini.

"Basi mwambie mji huu haumjui."

Nilirudi barabarani na kumfikishia Mkuu salamu hizo. Alitazama saa, akatazama ile barabara ya Morogoro kana kwamba kuna lori lingemwokoa, kisha akashuka. Alipofika barazani alivua viatu, akainama kidogo.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Mzee alimwacha pale ameinama, na mimi nikasoma dua zote ninazozijua.

"Marahaba," akasema mwishowe, na kidole kikashuka.

Majina yalifika wizarani siku moja kabla ya ile Ijumaa. Nililia kidogo chumbani, karibu na deli. Siku hizi naambiwa kuna programu inayoomba cheti na kukihuisha yenyewe, hakuna anayemwendea mtu. Ni jambo jema, nami nawaonea gere. Nawasihi tu jambo moja: jina la tovuti lisajiliwe kwa anwani ya ofisi, maana wakubwa huondoka na vinyongo vyao.

Siku ile tunarudi, tulipofika Mlandizi Mkuu alinigeukia.

"Bi Mwanahawa," alisema, "ile shikamoo usiitie kwenye ripoti ya safari."

Sikuitia. Lakini sasa nimestaafu, yeye naye kastaafu, na hii si ripoti.