Mkono begani, nikaanza kuomba

Leo nimeomba kwa sauti mahali nilipotakiwa kunyamaza tu.

Nieleze kidogo. Tangu wezi wanikabe shingo kutoka nyuma pale River Road, sivumilii kuguswa, hata na mke wangu. Binti mmoja kwenye kliniki huko Parklands hutibu hofu ya namna hiyo kupitia mwili wenyewe: pumzi, misuli, mguso.

Leo nilipoenda kwake akaniuliza, "Mzee, naweza kukuwekea mkono begani?"

Nikakubali. Sasa, sisi wazee wa kanisa, mkono ukitua begani macho hujifunga yenyewe. Nikaombea kliniki, wagonjwa wote, nchi, na yeye apate mume mwema.

Alingoja mpaka amina.

"Asante, mzee. Mume ninaye. Sasa tukae bila maneno."

Hapo ndipo magoti yalianza kutetemeka, kisha taya. Alisema ni mwili unaachilia hofu. Nilimwomba aondoe mkono.

Nyumbani Waithaka, mke wangu alitaka kunirekebishia kola, akasita.

"Baba Wanjiru, nikushike ama bado?"

Nimemwambia bado.

Mliopitia haya, mliwaambia nini walio nyumbani?